Aliyeuliza Paa Linavuja Wapi

Kiangazi kile sikutulia hata kidogo. Nikikaa kusaga mtama nainuka, nikishainuka sijui nimeinukia nini, natoka nje kuitazama njia ya Dodoma, narudi ndani, na mama ananitazama tu huku anaendelea kusuka kamba yake. Mume wangu alikuwa amekwenda kufanya kazi kwenye tuta la reli ya Wajerumani. Reli ikafika Dodoma, yeye hakurudi. Alituma neno kwa mpagazi mmoja kwamba amepata mahali pa kulima upande wa Kizota, nije na mama kabla ya mvua ili tuwahi kupanda. Mpagazi akaongeza na la kwake, bila kuombwa, kwamba Dodoma siku hizi wanawake ni wengi, hawahesabiki. Tangu siku ile usingizi wangu ukawa wa mang'amung'amu.

Mama hakukataa kuhama, ila alikuwa na sharti lake. Hatuondoki mpaka nyumba ipate mtu wa kuishi ndani yake. Baba alizikwa zizini, kama anavyozikwa kwetu mwenye mji, ili ng'ombe waendelee kupita juu yake. Lakini ugonjwa wa sotoka ulikuwa umetumalizia ng'ombe wote, na zizi lilikuwa kimya.

“Baba yako hajazoea kimya,” mama alisema, na hapo mazungumzo yaliisha.

Sasa nyumba kama ile umuuzie nani? Ilikuwa tembe ya udongo, paa bapa, kati ya Dodoma na Kondoa lakini mbali na njia ya misafara, mahali ambapo jirani unamjua kwa moshi wake tu. Ukienda kisimani alfajiri, unarudi jua limeshapanda. Ardhi yenyewe kwetu haikuuzwa. Kilichouzwa ni jasho la aliyejenga: nguzo, paa, na boma la zizi. Mfanyabiashara mmoja wa Kondoa, aliyepita kwetu kila kiangazi na punda wake wa chumvi, mtu wa swala tano na maneno matamu, alijitolea kutusaidia.

“Shikamoo, mama. Kazi hii niachie mimi. Nikikuletea mtu, wewe nipe mbuzi mmoja tu, basi.”

“Marahaba. Umewahi kulala humu ndani?”

“Sijawahi, mama.”

“Sasa huyo mtu utamweleza nini?”

Akacheka, akawaswaga punda wake. Mimi nilibaki nimekunja uso, maana nilikuwa tayari kumpa mbuzi wawili.

Basi mama akaanza kuuza mwenyewe. Alikwenda kisimani, akawatangazia wanawake: ipo nyumba, lakini ni mbali, maji ni shida, nge wapo hasa jikoni, na fisi wa kule hawana adabu. Nilisimama nyuma yake na kibuyu changu kichwani, natamani ardhi inimeze. Alikuwa anauza kama mtu anayefukuza kuku. Njiani nikamuuliza kwa nini asiseme na mazuri.

“Mazuri wataona wenyewe,” alisema.

Mimi nikaamua kumsaidia kwa njia yangu. Paa letu lilivuja mahali pamoja, kwenye chumba kikubwa, na chini yake udongo wa sakafu ulikuwa umechimbika kwa matone ya miaka mingi. Nikakivuta kilindo chetu, lile pipa kubwa la magome tulilowekea mtama, nikakisimamisha juu ya shimo lile. Mama aliniona. Akaendelea kusuka kamba yake.

Wa kwanza kuja alikuwa mfugaji wa makamo, mrefu, ana mkuki mmoja na maswali mengi. Malisho ya kwao yalikuwa yamekwisha, na ng'ombe wake walikuwa wamekonda. “Mbukwa,” alisalimu mlangoni kwa Kigogo chetu, akaingia na kuanza kukagua. Alikagua mpaka nikachoka. Alipanda juu ya paa akatembea huku na huku, vumbi likatuangukia kwenye uji. Akashuka, akalala chali sakafuni katika kila chumba, macho juu. Aliuliza upepo wa masika unatokea wapi. Aliuliza ng'ombe wakiingia jioni wanaelekea upande gani wa zizi. Mwisho akauliza paa linavuja wapi.

“Halivuji,” nilimjibu haraka.

Akanitazama, akatabasamu kidogo. “Binti yangu, kiangazi hakuna paa linalovuja. Nitarudi mvua ikinyesha, tuangalie pamoja.”

Nusura nilie mbele yake. Mvua ikinyesha! Mvua ikinyesha ndiyo tumekwisha, tutashika majembe papo hapo, na hatutatoka tena mpaka tuvune. Siku zilizofuata nilikuwa mtu wa ajabu katika nchi ile. Wote walitazama mawingu ya mashariki kwa dua, na mimi niliyatazama kwa chuki. Nilijua ni dhambi kubwa kwetu kuionea mvua kinyongo, ila moyo wangu ulikuwa umeshatangulia Dodoma.

Ndipo akaja wa pili, na huyu nilimpenda tangu mlangoni. Alivaa kanzu safi, alikuja na punda, na hakuwa na usumbufu wowote. Hakupanda juu, hakulala sakafuni. Alipita chumba hadi chumba akigonga nguzo kwa vifundo vya vidole, akisikiliza, akiguna kwa kuridhika. Nguzo zetu zilikuwa za mpingo, zimekula moshi tangu ujana wa baba. Akatoa ahadi yake pale pale: mtamba wa ng'ombe na mbuzi kadhaa, zaidi ya tulivyothubutu kuomba. Nikaenda kufunga vyungu kwa kamba.

Kumbe mama amemfuata mgeni mpaka ukumbini.

“Hujauliza paa linavuja wapi.”

“Halina neno, mama.”

“Na ng'ombe wako utawaingiza kwa mlango upi?”

“Sina ng'ombe, mama yangu. Mimi najenga duka, kule stesheni.”

Mama akaiwekea mkono nguzo iliyokuwa karibu naye. “Basi hukuja kununua nyumba. Umekuja kununua miti yake tu.”

Yule bwana hakukasirika. Alisema tukichoka tumtumie neno, akaondoka na punda wake. Aliyekasirika ni mimi. Nilimpigia mama kelele ambazo sijawahi kumpigia mtu mzima tena maishani. Nilimwambia baba amekufa, hasikii kwato wala kimya, na kwamba kwa ajili ya mfu yeye ananiua mimi niliye hai. Mama alikaa chini akafungua kamba nilizofunga kwenye vyungu, kimoja kimoja, kisha akapika.

Mvua ya kwanza ilipiga mchana, ikiwa na upepo. Kwa mbali nilisikia vigelegele kutoka kwa jirani yule wa moshi. Nilikaa chini ya ukuta nikalia, sikujificha. Nilikuwa bado nalia pale yule mfugaji mrefu alipoingia, amelowa chapachapa, mkewe nyuma yake, na nje ng'ombe wao wakilia.

“Haya,” alisema. “Wapi?”

Mama akainuka, akakikumbatia kilindo na kukivuta kando peke yake. Tone likaanguka katika shimo lake, halafu lingine. Yule mtu akachuchumaa, akalikinga kwa kiganja.

“Ni hapa tu?”

“Hapa. Na pale kwenye jiwe la kusagia, upepo ukiwa mkali kama huu.”

Akamtazama mkewe, mkewe akaitikia kwa kichwa. Bado hatujasema ni mbuzi wangapi, yeye alishachukua jembe letu, akapanda juu mvuani kuziba.

Kilichobaki ni ng'ombe. Walifika kwenye mlango wa zizi wakagoma, maana ni pageni. Vijana wao waliwapiga fimbo, wapi. Mama akatoka kwenye mvua, akaingia zizini mpaka katikati, pale pale palipo na baba, akawaita. Aliwaita kwa sauti ya baba, ule mluzi mrefu wenye kukatika mwishoni, ambao sikuwahi kujua kwamba anaujua. Wakaingia. Walimzunguka, wakamsukuma, wakakanyaga kila mahali, na mama akasimama katikati yao akiwapapasa migongo.

Kesho yake tulifunga mizigo. Tulikuwa tumechelewa kupanda, na njia yote hadi Dodoma ilikuwa matope. Mama alijitwika kilindo kitupu akatangulia, hakugeuka hata mara moja. Mimi nilifika kwenye boma la zizi, nikaweka mkono juu ya miti yake, nikashindwa kuinua mguu. Ng'ombe walikuwa wanacheua.

“Njoo basi,” mama aliniita kutoka njiani. “Si ulikuwa na haraka wewe?”