Kule Nilisoma

Kila asubuhi mkubwa wa mawasiliano huingia kwenye nyumba ya foni, ile redio ya kuongea na watu wa mbali, akapangusa kiti kwa leso na kukalia ukingo tu, kama mtu anayengoja kuitwa. Vidole vyake vyembamba hugusa vitufe vya mashine bila kuvibonyeza. Tangu vita vifunge barabara, Bunia haina njia nyingine ya kusikia sauti za ndugu, naye hana kazi nyingine ila kusimamia redio hizi. Kila neno analianza hivi: "Kule nilisoma..." Kule ni Ubelgiji, alikosomea sheria za teknolojia. Priscille, mwenye kushika mashine, kule kumemchosha.

Leo wenye bunduki wamekataza lugha za makabila hewani, na askari aliyetoka mbali na mkoa huu wa Ituri, asiyejua lugha za hapa, amesimama mlangoni. Mwanamke mmoja anampata mama yake hewani, upande wa Djugu. Kikongwe yule hajui Kiswahili. Binti anajikaza, anajikaza, kisha Kilendu, lugha ya kabila lao, kinamtoka pamoja na machozi.

"Ile ni luga gani?" askari anauliza, bunduki ikigeuka.

Mkubwa hainui macho. "Kule nilisoma," anasema polepole, "batu bote banasemaka vile. Ni Kiflama, luga ya Babelgiji."

Askari anasita. Mkubwa anaanza kumweleza Kiflama kwa kirefu, na kwa mara ya kwanza Priscille anamwomba Mungu mtu huyu asinyamaze.