Alama Yangu Chini ya Kiti

Mimi shule niliishia mwaka wa tatu, kwa hiyo atakayesoma hii anivumilie nikizunguka. Naanza na baiskeli. Alasiri ile nilimkalisha binti yangu nyuma kwenye keria, nikamfunga kiuno kwa kitenge, nikaisukuma nikitembea mpaka ukumbi wa parokia. Binti yangu amepita miaka arobaini. Miguu yake ilikufa akiwa mdogo, mwaka ule ugonjwa wa kupooza ulipopita katika kambi ya reli. Katika mstari wetu wa nyumba ulishika watoto wawili: wangu, na wa jirani yetu mjane aliyeuza samaki wadogo wa ndagala sokoni.

Yule wa mjane ndiye amekuwa bingwa wa tenisi ya viti vya magurudumu. Wametengeneza filamu ya maisha yake, wakaileta Kalemie tuione. Mji ulifurahi. Mimi nilitafuta sababu ya kubaki nyumbani. Mjane mwenyewe alinieleza, akicheka, kwamba watu wa kamera walipiga picha hata kiti cha kwanza cha mutoto wake, kile kidogo anachokiweka bado chini ya kitanda. Na kile kiti mimi najua kilitoka wapi.

Nilimwambia binti yangu tusiende, ukumbi utakuwa na joto. Nikamwambia mvua inakuja. Nikamwambia goti linaniuma, na hilo halikuwa uongo.

"Papa," akasema, "mimi na yeye tuliugua juma moja. Nitaenda hata kwa kutambaa."

Sasa turudi nyuma kidogo. Nilikuwa naunga vyuma katika atelye, karakana ya reli. Kila fundi alikuwa na alama yake, anaipiga kwenye chuma ili kikivunjika mkubwa ajue nani wa kufokewa. Yangu ilikuwa mistari mitatu na nukta. Mkono ulizoea mno, nikawa naipiga hata nyumbani: kwenye mbabula, jiko letu la makaa, kwenye kitanda cha binti yangu. Aliijua kwa kidole kabla hajajua herufi. Basi nilipomtengenezea kiti, kwa vyuma vilivyotupwa na magurudumu mawili ya baiskeli, nikaipiga chini yake bila kufikiri.

Kilipoisha, wenzangu wakaniuliza kwa mzaha kama sasa mutoto nitamtuma bandarini. Wakati ule viti vya namna ile tulikuwa tunaviona bandarini tu, kwa watu wanaowaomba pesa abiria wa meli. Mimi nilikuwa na mshahara na viatu vya ngozi. Niliona haya. Ilikuwa hivyo tu, siwezi kuitia sukari. Kiti nikakipeleka kwa mjane, na wangu nikamwambia mkubwa amekataa chuma kitoke getini. Alilia siku mbili. Mjane haya hakuwa nayo. Alimpandisha wake, akamwekea beseni la ndagala mapajani, na mutoto akawa anajisukuma kila siku mpaka sokoni. Yale mabega yalianzia pale. Kisha masista wakampeleka Lubumbashi, na huko akashika raketi.

Ukumbini walikuwa wameziba madirisha kwa maturubai, tukakaa tumebanana tunatoka jasho. Filamu ilipoonyesha ukutani bingwa akimpiga mzungu mmoja mpira mpaka akaduwaa, mvuvi nyuma yangu akasema kama hivyo ndivyo, na yeye akatwe miguu asafiri. Watu wakacheka. Binti yangu alicheka kuliko wote, mkono wake begani kwangu. Nikaanza kuomba Mungu umeme ukatike. Kalemie hii umeme hukatika hata bila maombi. Siku ile haukukatika.

Kiti kikatokea. Mjane alikigeuza juu chini mbele ya kamera, na alama yangu ikajaa ukuta mzima, kubwa kama mlango. Sauti ya bingwa ikasema:

"Alikileta papa mumoja wa kambi. Alimuambia mama: kipokee, kwangu hakuna muntu wa kukikalia."

Nilisema hivyo kweli. Nilikuwa nimesahau. Mkono ukatoka begani kwangu.

Baada ya filamu bingwa, aliyekuwa amekuja na watu wa kamera, alitaka kutusalimia. Binti yangu akamwambia vizuri tu kwamba amechoka, anataka kwenda nyumbani.

Wakati wa kwenda alinishika bega. Wakati wa kurudi alishika chuma cha baiskeli. Tulipita karibu na atelye, imefungwa, majani yamefika madirishani. Nilitaka kumwambia nitamtengenezea kingine, lakini mikono hii sasa inamwaga chai kabla haijafika mdomoni, na yeye anaiona kila asubuhi.

"Papa, siku ile uliposema kwako hakuna muntu, mimi nilikuwa wapi?"

Nikaanza habari za mkubwa wa atelye, kwamba alikuwa mkali.

"Nimekuuliza wapi."

"Jikoni," nikasema. "Unachambua maharagwe. Ulikuwa unaningoja."

Tulipofika nyumbani nilinyoosha mikono nimteremshe, kama siku zote tangu utoto wake. Akafungua kitenge mwenyewe, akajiachia mpaka chini, akaangukia kiwiko, akatambaa kuingia ndani. Mimi nilibaki uani nimeishika baiskeli, naogopa kuiegemeza ukutani, kwa kuwa baada ya hapo ningepaswa kuingia.