Maji Mdomoni

Mara mbili Mwanaasha alifanya mtihani wa kuingia chuo cha uuguzi, na mara mbili karatasi ilikusanywa yeye yuko katikati. Hakuwa mjinga, msimsingizie. Aliyoyajibu yote aliyapata, ila hakumaliza. Na mwaka huo wa tisini na tatu ndio uliokuwa wa mwisho kwake, maana vyuo havikumtaka aliyevuka miaka thelathini, na thelathini ilishabisha hodi. Akikosa tena, basi, atazeeka na ufagio na ndoo pale wodini Temeke, hali moyo wake wote uko kwa wagonjwa.

Aliyekigundua kiini cha balaa ni Sista Demetria, muuguzi mkuu wa wodi, mama wa Bukoba asiyejua kumung'unya maneno. Alimkuta Mwanaasha anasoma tangazo ukutani, midomo inacheza.

"We Mwanaasha, unasoma au unasali?"

"Nasoma, Sista."

"Ndiyo maana humalizi. Jicho lako linausubiri mdomo. Kuanzia leo, ukisoma weka maji mdomoni, na usimeze mpaka ufike mwisho."

Ndivyo alivyofundwa, masikini. Baba yake, Mwalimu Mfaume, alikuwa na madrasa yake Mtoni, na kwake mtoto husoma kwa sauti, kijiti kikifuata herufi, na akiteleza anarudi mwanzo. Mwanaasha aliibeba adabu ile ile mpaka kwenye habari ya ufahamu ya mtihani, juu ya kilimo cha mihogo.

Akaanza. Siku za mwanzo alipaliwa, akalowesha magazeti, na magazeti mwaka ule yalikuwa yanazaliwa kama uyoga. Kila asubuhi kabla ya zamu alikaa barazani, mashavu yamemvimba. Majirani wakipita, "Mwanaasha, umeamkaje?" yeye anatikisa kichwa tu. Haya, mtaa ukapata la kusema: binti wa Mwalimu siku hizi anaringa, hata salamu haitikii. Lilimuuma sana, maana hakulelewa hivyo. Lakini maji hakuyatema.

Baba alivumilia, mwisho akashindwa.

"Hapo umesoma, au umetazama tu?"

Mwanaasha akameza maji. "Nimesoma, baba."

Mzee akalichukua gazeti, akamuuliza maswali. Karibu yote akakosa. Macho yalikuwa yamekimbia, akili imebaki nyuma. Mwanaasha alisikia aibu mpaka machozi yakamlenga.

Mwalimu angeweza kusema, si unaona? Hakusema. Alifikiri kidogo.

"Maneno ya Mungu yasome kwa adabu yake, usiruke kitu. Haya ya serikali, jua kwanza wanakuuliza nini. Kisha ingia, kichukue hicho, utoke."

Tangu hapo akawa ndiye msimamizi. Anatunga maswali, anamsomea kabla, halafu anampa gazeti na kuitazama saa yake. Akikosea, anamrudisha kwenye mstari ule tu, si mwanzo, na kwa mzee yule hilo halikuwa jambo dogo. Miezi ikapita hivyo. Kikombe cha maji kikarudi jikoni, na midomo ikatulia yenyewe.

Siku ya mtihani mambo yalikwenda, mpaka swali moja likamgomea. Mwili mzima ulitaka kurudi juu, aianze habari upya. Akaing'ata midomo, akaliacha swali. Yeye, binti wa Mfaume, kuacha kitu nyuma na kusonga mbele! Hata hivyo akaendelea hadi la mwisho, akalirudia lile lililomgomea, na muda ulikuwa bado upo.

Majibu yalipotoka, alirudi Mtoni mbio mbio.

"Nimechaguliwa, baba."

Mzee akamshukuru Mungu kwa kirefu, akajifuta macho bila kuficha. Ndipo akauliza jambo ambalo muda wote ule hakukumbuka kuliuliza.

"Chuo chenyewe kiko wapi?"

"Wamenipanga Songea."

Nyumba ile walikuwa wawili tu, Mwalimu na binti yake, tangu mama alipofariki, na Songea si Mbagala hapo jirani.

"Ningejua ni Songea," akasema, "ningekufundisha polepole."

Akasema hivyo huku ameshainama, anavuta sanduku lake la bati kutoka uvunguni na kulifuta vumbi.