Herufi Zilizofifia kwenye Jua la Mlangoni

Siku ya kwanza kazini niliwasalimia watu kwa kuinamisha kichwa tu, maana sauti ilikataa kutoka. Mkuu wa karakana yetu ya kompyuta, hapa mtaani Nengo, alinionyesha kiti na kunipa kazi: kutengeneza ukurasa wa saa za mabasi kwa ajili ya skrini ya ofisi ya tiketi. Leo ni siku yangu ya mwisho hapa. Likizo imekwisha, kesho narudi shule. Wewe utakayekalia kiti kile baada yangu, soma hapa.

Skrini ya karakana ilikuwa mpya. Nikachagua herufi nyembamba za kijivu juu ya weupe. Nilijiona fundi, nakiri.

Kule ofisini skrini ilikuwa ya zamani na ilitazama mlango wenye jua. Herufi zangu zikafifia. Mama mmoja, mshonaji wa Rugerero, alisimama mbele yake na vitambaa mkononi, akakodoa macho, akaona haya kuuliza. Basi lake likaondoka. Mimi nilikuwa pale pale. Haya ile naijua, na bado sikumsomea.

Meneja wa ofisi ya tiketi akamwambia mkuu wangu, "Bon, mpaka kesho. Watu wakishindwa kusoma, narudisha ubao wa chaki."

Mkuu hakunigombeza. "We, ulijiandikia wewe mwenyewe. Tengeneza tena, kisha vuka barabara, uliza watu ya moto, bale ba pikipiki, kama banaona."

"Mi niulize? Wote?"

"Wote. Ndiyo kazi hiyo."

Nikaongeza kontrasti, yaani tofauti ya rangi kati ya herufi na nyuma yake: weusi mnene juu ya weupe. Ukubwa nikaupima kwa kimo cha skrini, ili skrini ikiwa ndogo au kubwa, herufi zilingane nayo. Nikauweka ukurasa kwenye skrini ya ofisi, kisha nikavuka hadi kwa watu wa pikipiki.

"Dada, umekuja kutupa egzame?" dereva mmoja akanitania, kana kwamba nimewaletea mtihani. Wakacheka, lakini wakasoma kutoka pale, kupitia mlango. Akauliza, "Ile ya Rugerero, ni kumi na tatu ao kumi na nane?"

Kwenye skrini ile kuukuu, tatu ya 13:00 ilijifunga ikawa nane. Nikarudi, nikachagua aina ya herufi yenye tatu iliyo wazi, nikavuka tena.

"Kumi na tatu!" wakapiga kelele wote. "Tumepita?"

Kesho yake mshonaji alikuja. Akainua macho mara moja, akaenda moja kwa moja kwenye basi lake. Hakumwuliza mtu. Nami, kwa mara ya kwanza, nilitamani kusema kitu.