Ubeti Uliongoja Jibu

Ilikuwa saa kumi na nusu alasiri, mwanangu, mgeni wetu alipovua viatu mlangoni. Mwaka ule wa 1968 tulikuwa tukikaa Darsait, huku Uarabuni kwa mababu zetu, nami nikisoma Kiingereza kwa Mwalimu Ramiro, aliyekuja kuwafundisha wafanyakazi wa mafuta. Alikuwa Mmarekani wa Teksas, lakini wazee wake Wameksiko, na lugha ya nyumbani kwao Kispanyola. Alikuwa mshairi pia. Kila somo alilianza kwa shairi, akipiga mizani kwa vidole juu ya meza.

Bibi yangu naye alikuwa malenga. Unguja, harusi ilikuwa hainogi mpaka atunge yeye. Lakini tangu tuhamie huku hakutunga hata mstari. Aliposikia mshairi anakuja, nilimkuta jikoni akinong'ona peke yake.

Baada ya halwa na kahawa alitengeneza mtandio wake, akaghani:

*Mgeni uliyehama, nakuuliza khabari,*
*Kwenu kwa baba na mama, wapaota alfajiri?*

Ada yetu unaijua: shairi la swali hungoja jibu, na anayenyamaza amekudharau.

"Anasemaje?" akaniuliza Mwalimu.

Siku zile nikikionea haya Kiswahili. Vijana wa mtaani wakitucheka, "Nyinyi Waarabu gani?" Basi nikajibu, "Anakuombea dua."

"Amin," Mwalimu akaitikia kwa adabu.

Bibi akashtuka. "Amin? Mie nimemuuliza, yeye aniitikia amin?" Akaanza kukusanya vikombe. "Basi. Ushairi wangu nimeuacha Unguja."

Mwalimu hakuinuka. Alipiga vidole kwenye mkeka, nane na nane, kisha akaniuliza polepole, "Dua gani hii yenye vina?"

Nikainamisha kichwa.

"Sisi shuleni tukichapwa tukisema Kispanyola," akasema. "Mama alipokuja, niliwatafsiria walimu niliyoyataka mimi, siyo aliyoyasema yeye. Amekufa bila ya kusikiwa na hata mmoja wao. Mwombe bibi yako arudie. Na safari hii sema alichosema."

Bibi akarudia, nikatafsiri. Mwalimu akajibu kwa Kispanyola. Bibi hakufahamu hata neno, lakini vidole vyake vilikuwa vikihesabu gotini.

"Nane!" akapaza sauti. "Mjukuu wangu, huyu mtu wetu! Kasemaje?"

Mwalimu akanifasiria kwa Kiingereza, nami nikamwambia Bibi, "Kasema haoti alfajiri tu. Hata mchana, macho kodo, anapaona kwao."

"Mwongo huyo!" Bibi akacheka huku akijifuta machozi. "Mshairi hasa. Mtilie kahawa."

Walijibizana mpaka Mwalimu akalazimika kukimbilia mjini alikokaa, kabla lango la mji halijafungwa kwa usiku. Kesho yake Bibi aliamka na beti mpya.

Heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi, mwanangu. Dole hupona, lakini mimi kwa maneno mawili nilikaribia kumzima mtu aliyenilea. Kwa hiyo nnakuusia: ukisimama baina ya wawili wasiofahamiana, neno la kila mmoja ni amana, lifikishe kama ulivyopewa. Na wazee wako usiwapunguze ili uonekane mkubwa mbele ya wageni. Kama lugha yao huionei fahari, angalau usiwafanye mabubu.

Mwenyezi Mungu akupe ulimi mwaminifu, na akujaalie wajukuu watakaoyafikisha maneno yako yakiwa mazima.