Mwajiriwa wa Kaka Yangu

Kwa miaka yote niliyofanya kazi dukani, nilikuwa napata kiasi gani? Mpaka leo siwezi kujibu. Sisemi hivi kwa ujanja wa mfanyabiashara anayemkwepa mtu wa kodi. Sijui kwa kweli. Wala sikuwahi kujiuliza mpaka binti yangu aliponiuliza, nyumbani kwetu Kihesa mjini Iringa, kompyuta ikiwa wazi mbele yake na chapati yake ikipoa pembeni.

Alikuwa amemaliza kidato cha sita na alikuwa akiomba nafasi katika vyuo vya Marekani. Ada ya huko tusingeiweza hata kama tungeuza kila kilichomo ndani ya nyumba, hivyo aliomba pia chuo kimsomeshe. Nacho chuo, kabla ya kufikiria kumsomesha, kilitaka kujua wazazi wake wanapata nini na wanamiliki nini. Alama, insha, barua za walimu, vyote vilikuwa tayari. Sehemu ya baba tu ndiyo ilikuwa tupu.

"Papa, mshahara wako."

"Sina mshahara."

"Basi faida. Fungu lako la duka."

"Hatujawahi kugawana mafungu."

Akacheka. "Sasa we' kazi yako nini kwani?"

Mke wangu, aliyekuwa akigeuza chapati jikoni, akasema bila kugeuka, "Muulize vizuri, na mimi nataka kusikia."

Nilijaribu kueleza jambo ambalo kwetu halikuwahi kuhitaji maelezo. Babu yangu alitoka Gujarat akafungua duka la jumla Mbeya, baba akaliendeleza, nami nilipomaliza chuo kikuu Dar es Salaam, baba akanituma Iringa kufungua tawi. Alipofariki, duka likabaki kwa kaka yangu mkubwa, Motabhai kama tunavyomwita, na mimi nikabaki nilipokuwa. Yeye huleta mchele, sukari, mafuta na sabuni. Mimi huuza na kumpelekea mauzo. Nikihitaji kitu cha nyumbani, nachukua rafuni. Ada za shule hulipa yeye. Sikukuu ya Diwali ikikaribia, mkewe hununua kitambaa cha nyumba zote mbili kwenye jora moja, ndiyo maana katika picha zetu watoto wake na wangu wanaonekana kama wanakwaya.

Mbele ya wateja mimi ni tajiri. "Tajiri, punguza basi!" ndivyo wanavyoniita. Hata mwalimu aliyemwandikia binti yangu barua alimtania, "Mhindi mwenye duka naye anaomba msaada?" Binti alicheka naye, akarudi nyumbani amenuna. Nilimwelewa mwalimu. Mimi mwenyewe, nikisimama nyuma ya ile kaunta, nilikuwa nikijiona hivyo hivyo.

Nilimpigia Motabhai simu. Hakuona tatizo lolote.

"Andika unachotaka. Mshirika, mfanyakazi, mfagizi, mimi nitagonga mhuri."

"Na wakitaka kuona hela ikiingia benki kwa jina la Papa?" binti akaninong'oneza.

Hakukuwa na hela iliyowahi kuingia benki kwa jina langu. Binti alikuwa ameshauliza hata habari za leseni ya duka: ina jina moja tu, la baba yake mkubwa. Aliniambia kwa upole, kama mtu anayempa mgonjwa majibu ya kipimo: "Papa, kwa karatasi wewe huna kitu."

Huo ndio ulikuwa ukweli ambao ungemsaidia, na ndio ambao sikuutaka. Nikiandikwa mshirika, chuo kitahesabu duka zima la Mbeya na kumwambia kwamba baba yake anajiweza. Nikiandikwa mwajiriwa, atakuwa na nafasi, lakini lile neno ambalo baba alitufundisha kuliishi, kwamba duka ni letu sote, litakuwa limekufa, tena kwa mkono wangu. Siku zile sikutulia. Nilipanga rafu zilizokwisha kupangwa. Nilimkaripia mteja aliyeuliza bei mara mbili, kisha nikamfuata barabarani kumwomba radhi.

Ilipobaki wiki moja kabla ya tarehe ya mwisho, tuliondoka na pikapu ya duka kwenda Mbeya, mimi na binti. Alilala tangu Mafinga. Mimi nilitunga sentensi ya kumwambia kaka, nikaibomoa, nikaitunga tena. Nyumbani kwetu hesabu tunafanya kwa Kigujarati na ugomvi tunafanya kwa Kiswahili. Sentensi ile ilinijia kwa Kiswahili kila mara. Tulipokwama Uyole nyuma ya malori ya viazi, kwa mara ya kwanza maishani niliifurahia foleni.

Niliisema jioni, nyumbani kwa kaka mtaa wa Soweto, mama yetu akiwa bado anagawa dengu.

"Sitaki mhuri wa uongo, Motabhai. Niandike mwajiriwa, kisha uniajiri kweli. Unilipe kila mwezi, benki. Nyumba yangu nitailisha mwenyewe."

Kaka akacheka. "Shahada ya chuo kikuu! Miaka yote hii umefikiria, leo ndiyo unaomba kazi ya kuuza sabuni?"

"Nimechelewa kidogo."

"Na mkeo akiumwa? Utakuja kukopa kama wale vijana wa ghalani?"

"Nitakuja kama wao."

Mama akaweka upawa chini. "Mnagawana? Mnagawana mimi nikiwa hai?"

"Hakuna kinachogawanywa, Ba," nilimwambia mama, na niliposema hivyo nikasikia jinsi ilivyo kweli, kwa maana mbaya. Sikuwa na kitu cha kugawana.

"Watu watasema nimemfanya mdogo wangu mtumishi," kaka alisema. Hakuwa anacheka tena. "Baba angesema nini?"

Binti yangu ndiye aliyejibu, macho yakiwa kwenye sahani. "Baba mkubwa, mimi sitaki mvunje kitu. Nataka tu karatasi iseme jambo ambalo mtu akiniuliza, naweza kulirudia bila kuangalia pembeni."

Kaka alimwongezea dengu, kisha akaniambia, "Kesho, kabla hatujafungua, njoo dukani. Kama umebadili mawazo usije, sitakuuliza."

Nitasema wazi: si kwa ajili ya binti peke yake nilitaka kwenda. Nilipokuwa nikinawa mikono bombani niligundua kuwa nilitamani ule mshahara. Nilitamani kununua shati bila kumwaza mtu. Aibu ya tamaa hiyo nusura inizuie, kwa sababu ilinionyesha kwamba mtoto alikuwa amenifungulia mlango ambao huenda ningeutafuta mwenyewe. Lakini yeye alikuwa na wiki moja, na aibu yangu ingeweza kusubiri. Nikafuta mikono, nikaamua.

Asubuhi kulikuwa na ukungu na baridi ya kuuma masikio. Siku zote nikifika duka la Mbeya huinua ubao wa kaunta na kuingia ndani. Siku ile nilisimama upande wa nje, binti pembeni yangu. Kaka aliliona hilo. Aliandika barua kwa mkono wake, polepole: kwamba ananiajiri kuanzia mwezi huu, kwamba kabla ya hapo niliishi kwa matumizi ya familia bila mshahara, kwamba sina hisa katika biashara. Alipofika kwenye kiasi akainua kichwa.

"Unataka ngapi?"

Nilifungua mdomo, nikakosa tarakimu. Akaijaza yeye. Ilikuwa ya haki, hata kuzidi kidogo. Nikatia saini chini ya neno mwajiriwa, akagonga mhuri, na binti akaipiga picha kwa simu na kuituma palepale, akipuliza vidole vyake.

Mama alikuwa ameagiza majani ya chai. Nilichukua pakiti moja rafuni kama nilivyozoea, nikafika nayo mlangoni, nikarudi. Nikaweka noti kaunta. Nayo ilitoka kwenye droo ya duka la Iringa. Sikuwa na nyingine.

Kaka aliitazama ile noti, akaitazama pakiti. Akavuta droo, akaiweka noti ndani, akanirudishia chenji.