Sinema ya Tauni Kibandani Mitundu

Enzi za ruksa, biashara ilipofunguliwa nchini, zilipofika Mitundu zilikuja na mitumba, redio za betri na kibanda cha video. Kijana mmoja alizungushia magunia nyuma ya duka, akaleta jenereta na televisheni, na sisi wakulima wa alizeti na mtama tukawa watu wa sinema. Kiingereza hakuna aliyekijua, kwa hiyo mwenye kibanda alisimama kando ya televisheni akitutafsiria. Naye alikuwa hakijui vilevile. Alikuwa anatunga tu, na mpaka leo nikimkumbuka nakasirika.

Mwaka huo dada yangu alirudishwa nyumbani na wakwe zake wa Manyoni. Mumewe, mfanyakazi wa reli, alikuwa ameshafariki kwa ukimwi, na dada mwenyewe amekonda, anakohoa. Nesi wa zahanati alimwambia mama waziwazi kwamba kula naye hakuna shida. Basi tukala, bakuli moja la mlenda katikati, kila mtu anachovya tonge lake. Kwetu kumtengea mtu bakuli ni kumwambia si mwenzenu.

Ndipo ikaja sinema ya tauni iliyomaliza dunia. Mji mzima mtupu, magari yametelekezwa barabarani, maiti madirishani, na wachache waliosalia wamejifungia ndani, akikohoa hata ndugu yao wanampiga risasi. Baba hakuwa mtu wa video, ila siku hiyo alikwenda, nami nikafuatana naye.

"Jamani, ndiyo hii hii ya kwetu," mtafsiri akasema. "Huyo mnayemwona kala sahani moja na mgonjwa. Ndiyo basi tena."

Baba alivua kofia akaishika mapajani.

Kesho yake mchana alimwekea dada bakuli la bati peke yake, mlangoni pa jiko. Nikamwambia, "Baba, yule kijana Kiingereza hajui."

"Nimeona kwa macho yangu," akanijibu.

Mama aligombana naye kwa wiki kadhaa. Nyumba ikawa haina raha, tunakula tumeinamisha vichwa, dada anatutazama kutoka kule mlangoni. Siku moja mama alichoka, akalibeba bakuli letu la mlenda, mimi nikachukua ugali, tukamfuata jikoni. Hatukutegemea, lakini baba naye akaja nyuma yetu. Akanawa, akaketi chini.

"Sogea tule, mama," akamwambia binti yake.

Dada alirudi nyuma mpaka ukutani, akaziba mdomo kwa kanga. Mashoga zake waliokuja kumjulia hali, wakisimama mbali uani, walikuwa wameshamsimulia sinema yote.

"Kuleni nyie, baba," akasema. "Mimi sitaki kuwaua."

Tulimbembeleza mpaka ugali ukapoa. Hakula nasi siku ile, wala siku nyingine yoyote mpaka tulipomzika.